Mlio Usiopanda na Gia

Gereji ile ilikuwa na mafundi wengi wenye mikono, lakini mwenye sikio alikuwa mmoja, na alikuwa mwanamke. Ndiyo maana walimwita Sikio. Mteja alifika na gari linalolia, akauliza getini, "Sikio yupo?" Akiambiwa hayupo, aligeuza gari na kwenda nalo likilia vilevile.

Chombo chake kilikuwa kipande cha mpira mweusi, urefu wa mkono, kilichokatwa kwenye mpira wa rejeta. Ncha moja aliitia sikioni, la kulia daima. Ncha nyingine aliitembeza juu ya chuma kinachofanya kazi. Mafundi wengine husikiliza kwa bisibisi ndefu. Yeye alisema bisibisi hupayuka, mpira hunong'ona. Alifumba macho, akakunja uso kama mtu anayechungulia siri ya jirani, halafu akatoa neno moja: "Beringi." Au: "Mkanda." Wakifungua, wanakuta.

Gereji ilikuwa ya kaka yake. Baba yao aliwaachia uwanja wenye paa la bati, jeki zilizochoka na kanuni chache za kazi. Kaka akaleta hesabu na sauti kubwa, dada akaleta sikio. "Mimi ndiye mwenye gereji," Kaka alipenda kuwaambia wateja, "huyu ndiye mwenye kazi." Alisema kwa utani, na kila mtu alijua si utani.

Hayo yote yalisimama siku lilipoingia gari la mkate.

Mwenyewe alikuwa mwoka mikate, mtu mnene mpole, unga umemkaa kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. "Halina kelele ya kusema kelele," alieleza. "Naona tu limeninunia."

Walilipandisha juu ya stuli za chuma, matairi ya nyuma yakaelea, injini ikawashwa, gia ya pili. Matairi yakawa yanazunguka polepole hewani. Sikio akajilaza kwenye kadibodi, akajisukuma chini, akaweka mpira kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linaloyagawia matairi nguvu.

Akasikia: fyuu, fyuu, fyuu.

Kama mtu anayefagia uwanja kwa ufagio laini, kila tairi likizunguka, ufagio mmoja. Wazi, karibu, bila kukosea.

"Difu," alisema kabla hata hajatoka chini ya gari.

Sasa, moja ya zile kanuni za baba yao ilikuwa hii: ukisikia mlio, badilisha gia. Mlio wa gari huenda na gari. Gari likikaza mwendo, nao unakaza. Usiopanda na gia si wake. Kanuni hiyo aliijua kila fundi pale. Sikio ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni. Lakini siku ile hakuitumia, kwa sababu kwa miaka yote alikuwa hajakosea, na asiyekosea huacha kujikagua. Sifa ni mvinyo: hulewesha hata asiyekunywa.

Walifungua difu. Meno ya gia yaling'aa kama meno ya mtoto. Beringi nzima, mafuta masafi. Wakatazamana. Wakafunga.

Na difu si sufuria, ufungue na ufunike upendavyo. Meno yale yamezoeana miaka kwa miaka, kila jino na mwenzake. Ukiyatenganisha bila sababu, ukayarudisha hata kwa tofauti ya unene wa karatasi, yanaanza kugombana. Gari la mkate lilirudi kabla ya mwisho wa wiki, na mtaa mzima ulilisikia kabla ya kuliona.

"Nililileta likiwa limenuna," mwoka mikate alisema akishuka, na upole wake wote ulikuwa umeishia barabarani. "Mmenirudishia linaomboleza! Wateja wangu wanadhani naleta maiti, siyo mkate."

Kaka alimwomba radhi mbele ya watu. Hakuwahi kumwomba mteja radhi mbele ya watu.

Mchana huo mashine zilizimwa watu wakala. Sikio hakula. Alikaa peke yake katika chumba cha vipuri, kati ya mikanda iliyoning'inia na makopo ya grisi, akiipitia kazi yake kichwani toka mwanzo. Kulikuwa kimya. Na ndani ya kimya kile akasikia: fyuu, fyuu, fyuu.

Akainua kichwa. Hakuna gari lililowashwa. Akatia kidole katika sikio la kulia, kama anavyotia mpira. Sauti ikawa kubwa, ikajaa kichwa kizima.

Akauelewa mkosi wake papo hapo. Mlio huu alikuwa ameusikia mara kadhaa akiweka kichwa juu ya mto, akadhani ni pampu ya maji ya jirani. Siku ya difu, mpira uliziba kelele za nje, na kelele ya ndani ikabaki peke yake, ikavaa nguo za gari. Alimfungulia mtu difu zima kwa kosa la kichwa chake mwenyewe.

Alienda moja kwa moja kwa kaka yake, mikono bado ina mafuta.

"Kaka, ule mlio haukuwa wa gari. Ni wangu. Uko humu." Akagusa nyuma ya sikio.

Mafundi walikuwa wamekaa na sahani zao. Fundi wa kupaka rangi, ambaye walimwita Rangi kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rangi usoni, aliweka kijiko chini. "Basi tumpandishe kwenye stuli tumfungue kichwa. Huenda ni beringi."

Walicheka. Kaka hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua ule mpira kutoka mfuko wa ovaroli ya dada yake, akaingia nao ofisini, akautundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake.

"Utakaa kaunta," alisema. "Utauza boliti na mafuta ya breki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niweze kumtazama mteja machoni nikamwambia unachosikia kipo."

Sikio aliutazama mpira ukutani. "Sawa, Kaka. Mpira ule utarudi mkononi mwangu. Na wewe ndiye utakayenipa, siyo mimi nitakayeomba."

*

Nyumbani mama yao alikuwa na jibu tayari. "Mdudu huyo. Ameingia ukiwa umelala chini ya magari ya watu. Lete mafuta ya moto nimtoe."

"Mama, mdudu anayekwenda na mapigo ya moyo?"

"Mdudu ana akili kuliko mnavyodhani."

Hakukubali mafuta ya moto. Alikwenda zahanati, Kaka akamsindikiza na kumngoja nje. Daktari alikuwa mtu wa makamo, miwani juu ya kipara, na foleni ndefu ikikohoa nje ya mlango wake. Lakini alimsikiliza, na hakumharakisha.

"Sikio moja au yote mawili?"

"La kulia tu."

"Linapiga ovyo, au linakwenda na moyo?"

Sikio akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono. "Na moyo. Sawasawa."

Daktari akashusha miwani. "Hapo tumepata pa kuanzia. Sikio linalolia mluzi tu ni habari nyingine. Linalopiga kama ngoma, mara nyingi linasikia damu inavyopita. Sasa kwa nini lisikie leo na jana halikusikia? Huenda nta imeziba, au kuna maji nyuma ya kiwambo cha sikio, kelele za nje zikapungua na za ndani zikajitokeza. Huenda presha imepanda. Damu ikiwa pungufu, moyo huisukuma kwa kasi, nayo hupiga kelele. Tezi ya shingoni ikizidisha kazi, vilevile. Na wakati mwingine ni mshipa wenyewe: umebana, au umejikunja, au una hitilafu."

"Kama bomba," Sikio alisema.

"Kama bomba. Tutakwenda kimoja baada ya kingine."

Akamulika sikio: safi. Akapima presha: nzuri. Akachukua damu, na majibu yalipotoka, damu ilikuwa ya kutosha na tezi ilikuwa na adabu zake. Mwishowe akaweka kipimo chake cha kusikilizia nyuma ya sikio na shingoni. Feni ya darini iliguguna, foleni ilikohoa, mtoto akalia.

"Sisikii kitu," daktari alikiri. "Mara nyingine huisha lenyewe. Lisipoisha, rudi. Usilizoee, umenisikia? Rudi."

Alichokipeleka Kaka gerejini kilikuwa nusu tu ya maneno hayo. "Vipimo vyote vizuri," aliwaambia mafundi. "Mzima kabisa." Akamgeukia dada yake, sauti ikashuka. "Mdogo wangu, hakuna aibu. Mtu huchoka. Kaunta si gereza."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha Rangi. Dharau unaweza kupigana nayo. Huruma inakufunga mikono.

Basi Sikio aliuza boliti. Na huku akiuza, alijifanyia kazi kama gari lililoletwa na mteja mgumu. Aliposimama kimya, mlio ulikwenda taratibu. Alipopanda ngazi za stoo na katoni ya vichujio begani, ukakaza mwendo: fyuu-fyuu-fyuu. Akikaa, unatulia. Alirudia mpaka akachoka kujishangaa. Siku ya difu angebadilisha gia, mlio ungebaki palepale, naye angejua. Mlio ule ulikuwa na gia zake, ila hazikuwa za gari.

Kanuni ya baba ilikuwa bado inafanya kazi. Ilitaka tu gari sahihi.

*

Alichagua saa ambayo gereji imejaa. Akatoka kaunta, akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Kaka! Mteja akija akisema gari langu linalia, nawe hulisikii, unamwambia nini?"

Kaka alitokeza kichwa dirishani. "Namwambia alilete tulisikilize."

"Humwambii amechoka?"

Spana mahali fulani ikaacha kugonga.

"Basi mimi ni mteja," Sikio alisema. "Nimeleta kichwa. Lete mpira unisikilize."

"Wewe, kuna watu..."

"Watu ndio nawataka. Ulinivua mpira mbele yao."

Rangi alipiga mluzi mdogo. "Bosi, mteja ni mfalme. Wewe mwenyewe umeandika pale ukutani."

Na ilikuwa imeandikwa kweli, kwa herufi ambazo Rangi mwenyewe alizipaka. Kaka alitoka ofisini na mpira mkononi, uso umevimba kwa hasira na aibu. Sikio aliketi juu ya tairi kuukuu. "Zimeni kompresa," aliamuru. "Redio pia. Na wewe unayepiga msasa, pumzika."

Uwanja ukanyamaza. Kaka akaweka ncha moja ya mpira nyuma ya sikio la kulia la dada yake, penye ule mfupa unaochomoza, na nyingine akaitia sikioni mwake. Alisimama hivyo akiwa na uso wa mtu anayefanya jambo la kumridhisha mgonjwa.

Kisha uso ule ukabadilika.

"Nani amewasha kitu?"

"Hakuna, Bosi."

"Zimeni redio."

"Imezimwa, Bosi."

Kaka alimeza mate. Kwa mkono wa pili alimshika dada yake kifundo cha mkono, akatafuta mapigo. Midomo yake ikaanza kwenda pamoja nayo, fyuu, fyuu, bila yeye kujua.

"Labda ni damu yako mwenyewe, Bosi," Rangi alisema, ila safari hii hakutania. "Mpira ukiziba sikio, mtu hujisikia."

"Njoo hapa." Kaka akamkalisha Rangi juu ya tairi, akaweka mpira nyuma ya sikio lake. Akasikiliza kwa muda. "Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Patupu."

"Mke wangu alisema hivyohivyo," Rangi akajibu, na vicheko vikalipuka, vya watu waliokuwa wamebana pumzi.

Sikio hakucheka. Alisimama. "Bado hamjamaliza kazi. Baba alisemaje? Ukisikia mlio..."

"...badilisha gia," mafundi waliitikia kama darasa.

Akauzunguka uwanja mbio. Alikimbia na buti zake nzito, akaruka mpira wa kompresa uliolala chini, akapita kati ya pikapu na ukuta, akazunguka tena, jasho likamtoka, wanaume wazima wamesimama na spana mikononi kama mashabiki. Akaketi akihema. "Sasa sikiliza."

Kaka alisikiliza. Mlio ulikuwa umekaza mwendo, unafukuzana, na kadiri dada yake alivyotulia ndivyo nao ulivyoshuka, ngazi kwa ngazi, mpaka ukarudi pale ulipokuwa.

Aliutoa mpira sikioni polepole. "Upo," alisema. Akarudia, kwa wote: "Upo. Una mlio kweli."

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Akafuta mikono kwenye suruali yake safi. "Funga kaunta. Tunaenda kwa daktari. Na safari hii nakaa ndani, sikai nje."

*

Daktari aliwakumbuka. Sikio hakungoja aulizwe. "Dokta, naomba uzime feni na ufunge dirisha. Injini haisikilizwi sokoni."

Daktari alitazama feni, akatazama dirisha, akacheka kidogo. "Una haki." Akainuka akazima mwenyewe. Joto likaingia chumbani mara moja. Akaweka kipimo nyuma ya sikio, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Kaka alianza kutapatapa kwenye kiti.

"Ninaisikia," daktari alisema. "Inapuliza. Na sauti ambayo hata mtu wa nje anaisikia haifai kusubiri. Nakuandikia hospitali kubwa, wapige picha za mishipa. Nenda wiki hii."

Huko hospitali kubwa aliyewaonyesha picha alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, bingwa wa mishipa ya kichwa. Aliweka kidole kwenye kioo. "Mishipa hii inaleta damu kwa nguvu ya moyo. Hii inairudisha taratibu. Kati yao kuna vijia vidogo vya kuipunguza kasi. Kwako, nyuma ya sikio, umetokea mlango wa pembeni. Damu ya nguvu inaingia moja kwa moja kwenye mshipa wa kurudisha. Ndiyo hiyo unayoisikia."

"Presha imeingia kwenye laini ya kurudi," Sikio alisema. "Na laini ya kurudi haikujengwa kwa presha."

"Umesema vizuri kuliko ninavyowaambia wanafunzi wangu."

Kaka akauliza kilichomkaa kooni. "Hawezi kuishi nao? Akauzoea tu?"

"Wapo tunaowaacha na kuwaangalia. Kwake hapana. Tazameni hapa: damu imeanza kurudi nyuma kuelekea ubongo. Mshipa unaweza kupasuka. Tunaingiza mrija mwembamba toka kwenye nyonga mpaka hapa, tunauziba huo mlango kwa ndani. Hatari ipo, sitawaficha: kiharusi kinaweza kutokea. Lakini kuuacha kuna hatari kubwa zaidi."

Kaka aliinamisha kichwa. Sikio aliitazama ile picha, mishipa imejitandaza kama nyaya chini ya dashibodi, na mahali pale pamoja penye kosa. Aliogopa. Lakini maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu wasiendeshe gari lenye kasoro inayojulikana.

"Zibeni," alisema.

*

Alipozinduka, kitu cha kwanza kilikuwa kimya. Alidhani amekuwa kiziwi. Kisha akasikia kitoroli kikipita ukumbini, gurudumu moja limekauka grisi, la mbele, upande wa kushoto. Akatabasamu kwenye mto, akalala tena.

Gerejini hakurudishwa haraka. Bingwa alimkataza kuinama na kubeba, na Kaka alisimamia amri hiyo kama askari. Lakini siku aliporuhusiwa alikuta gari la mkate uwanjani, juu ya stuli, na mwoka mikate amekaa pembeni na kapu la mikate juu ya magoti.

"Nimelipeleka kwingine mara mbili," alisema bila kumtazama. "Bado linaomboleza. Kaka yako amenifuata nyumbani. Amenieleza habari za kichwa chako. Sikuamini, akaniletea na yule wa rangi kushuhudia."

"Nilishuhudia hata kichwa changu," Rangi alisema. "Bure kabisa."

Kaka alitoka ofisini na mpira. Hakuutupa, hakuuweka juu ya meza auchukue mwenyewe. Alisimama mbele ya dada yake, mafundi wote wanaona, akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Chukua, fundi."

Si mdogo wangu. Fundi.

Sikio akaupokea. Akajilaza kwenye kadibodi, akajisukuma chini ya gari. Injini ikawashwa, gia ya pili. Aliweka mpira sikioni, lakini kabla hajaugusisha difu alisubiri kidogo, vidole kwenye kifundo cha mkono wake. Moyo ulipiga. Sikio likanyamaza. Kisha akaweka ncha kwenye chuma, na difu likamlilia usoni, kilio kirefu cha meno yanayosigana, kilio alichokizua yeye kwa neno lake moja.

Mwoka mikate aliinama kuchungulia. Kaka aliinama. Hata Rangi.

"Tatu!" Sikio aliita.

Gia ikaingia. Matairi yakakaza mwendo, na kilio kikapanda nayo.

"Huu ni wa gari," alisema toka chini. "Leteni spana. Na safari hii vile vibati vyembamba vya kupanga nafasi ya meno nitaviweka mwenyewe."